Barua ya wazi kuhusu zebaki: anzeni kwenye moto

Kwa Waziri wa Madini, Waziri wa Afya, Waziri mwenye dhamana ya mazingira, Tume ya Madini, Mkemia Mkuu wa Serikali, na wakurugenzi wa halmashauri zote zenye machimbo ya dhahabu.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu zebaki, metali ya majimaji ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasa dhahabu, na hasa kuhusu zile dakika chache ambapo donge la zebaki na dhahabu huwekwa juu ya moto. Machimbo madogo yana hatari nyingi: maduara (mashimo ya kuchimbia) yanaporomoka, vumbi la karasha (mashine ya kusaga mawe) linaharibu mapafu na kufungulia mlango kifua kikuu. Lakini kwa upande wa zebaki, sehemu kubwa ya sumu humwingia mtu wakati wa kuchoma. Hapo ndipo tunapoomba sheria, fedha na wakaguzi waelekezwe kwanza.

Wachenjuaji wengi, yaani wale wanaotenganisha dhahabu na mawe, wanaogopa kuimeza zebaki. Wananawa mikono kabla ya kula, na wanafanya vema, ila hofu hiyo haijalenga penyewe. Zebaki ya maji ikimezwa, mwili huchukua chini ya asilimia 0.01, nyingine yote hutoka na choo. Ikivutwa kama mvuke, takriban asilimia 80 hubaki mwilini. Kutoka kwenye mapafu huingia kwenye damu, hupenya hadi kwenye ubongo, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mvuke wenyewe hauna rangi wala harufu. Ule ukungu mweupe unaoonekana juu ya karai ni zebaki iliyoanza kupoa. Hata ukungu huo ukitoweka, hewa bado haijawa salama.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za selsiasi, na jiko la mkaa linalopulizwa na feni huzidi hapo kwa urahisi. Donge lililokamuliwa vizuri kwenye kitambaa hubaki na zebaki karibu nusu ya uzito wake. Kwa hiyo donge la gramu 20 likichomwa wazi, gramu 8 hadi 10 za zebaki huenda hewani. Pigeni hesabu ya gramu moja tu ndani ya chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3. Hicho kina mita za ujazo 48, hivyo kila mita ya ujazo hupata miligramu 20 hivi. Kikomo kinachotumika kwa mtu aliye kazini ni miligramu 0.025. Ni zaidi ya mara mia nane. Vyumba vya namna hiyo ndivyo watu wanavyochomea dhahabu usiku kwa kuogopa wezi, na humo humo ndimo watoto wanamolala.

Madhara yake nchini yalipimwa zamani. Mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa uliofanya kazi Rwamagasa, mkoani Geita, miaka ya 2000 ulipima watu kwa damu, mkojo, nywele na uchunguzi wa mishipa ya fahamu. Kati ya wachomaji 104, 25 walikutwa na sumu sugu ya zebaki. Katika kundi la kulinganisha, watu wasioshughulika na dhahabu, hakupatikana hata mmoja. Na waliozidi vikomo vya kitabibu walikuwa wachomaji. Tangu hapo bei ya dhahabu imepanda mno na wachimbaji wameongezeka, na moto uko vilevile.

Tunajua jina la Minamata linapotajwa mikutanoni, mazungumzo huhamia haraka kwenye samaki. Kule Japani kiwanda kilimwaga baharini zebaki iliyokwisha kuungana na kaboni, na watu waliumia kwa kula samaki. Kwetu tope la mito inayopokea maji ya mialo (sehemu za kuchenjulia dhahabu) nalo hutengeneza zebaki ya aina hiyo, kazi inayofanywa na bakteria mahali pasipo na oksijeni, nayo hupanda kutoka kwa wadudu hadi kwa samaki wala samaki. Jambo hilo lifuatiliwe. Hata hivyo vipimo vya Ziwa Victoria vimeonyesha samaki wengi wako chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo. Hatutaki mama yeyote wa Geita aache kuwapikia watoto wake dagaa kwa sababu ya barua hii, huku karai la kuchomea likiendelea kukaa chini ya kitanda.

Sasa tuseme kinachowezekana.

Wachenjuaji wengi wa nchi hii hawamwagi zebaki ndani ya karasha. Wanasaga, wanapitisha tope juu ya mataulo au magunia kwenye mwalo, wanakung'uta makinikia (mchanga mzito wenye dhahabu ulionaswa humo), ndipo wanayachanganya na zebaki kwenye beseni. Hiyo ni nafuu kubwa. Anayeimwaga kwenye mawe yote yaliyosagwa huivunja kuwa chembe ndogo kama unga, zinazoelea na kukimbia na maji zikiwa zimebeba dhahabu yake. Hupoteza zebaki gramu kadhaa kwa kila gramu ya dhahabu, na mahali pengine duniani hasara hiyo imefika gramu 50. Anayeanza na makinikia hutumia karibu gramu moja na ushei kwa gramu moja ya dhahabu, na sehemu kubwa ya hiyo ndiyo inayopaa motoni. Maana yake ni kwamba hapa kwetu, mkikamata mvuke, mmekamata sehemu kubwa ya tatizo lenyewe.

Chombo cha kukamata mvuke, ritoti, si mtambo wa kuagizwa nje. Ni kikombe cha chuma chenye mfuniko unaobana, bomba la chuma linalotoka kwenye mfuniko na kuinama kuelekea chini, na maji ya kupoza bomba hilo. Donge linawekwa ndani, mfuniko unakazwa na ungio kupakwa udongo wa mfinyanzi uliolowa, moto unawashwa chini ya kikombe kwa nusu saa hivi, na zebaki inadondoka upande wa pili ikiwa maji tena. Ikitumiwa sawasawa hurudisha kati ya asilimia 75 na 95. Fundi wa kuchomelea wa Katoro au Makongolosi anaweza kuitengeneza kwa vipande vya mabomba.

Lakini ritoti nyingi zilizogawiwa kwenye semina zimeishia stoo, na sababu zake zinajulikana. Ya kwanza ni vifaa. Fundi akitumia bomba la maji lililopakwa zinki, rangi ile ya zinki hutoa moshi wenye sumu yake na kushikana na zebaki. Akitumia shaba, shaba nyeupe au alumini, zebaki huila metali hiyo. Chuma tupu ndicho kinachofaa. Ya pili ni ncha ya bomba. Mtu akiizamisha ndani ya maji kisha moto ukapungua, kikombe kikipoa huvuta maji ndani, maji yakakutana na chuma cha moto, na chombo kinaweza kupasuka usoni mwake. Ncha ikae juu kidogo ya maji, ikiwa imefungwa kitambaa kilicholowa kinachoning'inia hadi kugusa maji. Ya tatu ni haraka: kikifunguliwa kabla hakijapoa, mvuke wote uliobaki humpiga mfunguaji.

Sababu ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nayo si ya kitaalamu. Mchenjuaji haioni dhahabu yake ikiwa ndani ya chuma. Duara lina wadau wengi: mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji, mwenye karasha. Kila mmoja anataka kuliona donge likigeuka rangi mbele ya macho yake. Kisha dhahabu ikitoka kwenye chuma huwa ya kahawia, haing'ai, na mnunuzi hutumia rangi hiyo kushusha bei. Donge dogo la gramu mbili nalo hunata kwenye kikombe. Kunata kunazuilika kwa kulifunga donge kwenye karatasi nyembamba au kupaka kikombe majivu laini. Rangi hurudi dhahabu ikiyeyushwa na boraksi (chumvi ya kuyeyushia metali). Ila hofu ya kuibiwa haiondolewi na semina. Inaondolewa kwa kuwa na sehemu moja ya kuchomea katika kila mwalo, yenye uzio wa wavu unaoruhusu wote kutazama kutoka upande wa upepo, ritoti zenye namba na kufuli ambalo ufunguo wake wanakaa nao wadau, na mizani ya kupima kabla na baada.

Tunaomba sehemu hiyo iwe sharti la leseni ya uchenjuaji. Pasipokuwa nayo, mwalo usifanye kazi. Na kuchoma nyumbani kupigwe marufuku kwa sheria ndogo za halmashauri, baada ya sehemu hizo kuwepo. Mkianza na marufuku, watu watazidi kujifungia ndani.

Tukija kwenye masoko ya madini, tunaomba mtusikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa serikali inayo nguvu ambayo nchi nyingi hazina. Tangu 2019 dhahabu ya wachimbaji wadogo inatakiwa kupita kwenye masoko na vituo vya ununuzi. Inapimwa, inalipiwa mrabaha, inaandikwa. Kinachosahaulika ni kwamba dhahabu iliyochomwa machimboni haijaisha zebaki. Lile donge lenye matundu kama sponji bado lina asilimia 2 hadi 5, na pengine zaidi lilipochomwa kwa pupa. Mnunuzi hulitia kwenye chungu na kuliyeyusha kwa tochi ya gesi. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, na kwa joto hilo zebaki yote iliyobaki hutoka. Duka linaloyeyusha kilo moja kwa siku hutoa gramu 20 hadi 50 za zebaki kila siku, mjini, karibu na migahawa na ofisi. Hewa haiwezi kubeba kiasi hicho chote, kwa hiyo nyingine hutua kwenye dari, kuta, nguo na nywele, na hupaa upya jua likiwaka. Mchomaji wa dukani hukaa humo miaka, na karani wa serikali anayejaza fomu chumba cha pili huvuta hewa ileile.

Bomba la moshi peke yake si suluhisho, kwani huihamishia zebaki kwenye paa la jirani, na paa hilo ndilo linalokinga maji ya mvua. Kinachotakiwa ni hudi (kofia ya kuvuta moshi) yenye feni, ikifuatiwa na pipa la chuma lenye vibao vya kupishana ndani yake. Hewa ikiingia kwenye pipa hupunguza mwendo, hugonga vibao, na matone ya zebaki hunasa na kutiririka chini kwenye kikombe. Wakala wa mazingira wa Marekani ulibuni pipa la namna hiyo kwa ajili ya maduka ya dhahabu, la kutengenezwa kwa vifaa vinavyopatikana popote, na linaweza kukamata karibu asilimia 80. Baada ya pipa, kaboni iliyotiwa salfa hukamata sehemu ya kilichobaki. Feni iwekwe mwishoni kabisa, ili mfumo mzima uwe unavuta, kwa sababu ikisukuma, kila tundu hutema mvuke chumbani. Kasi ya hewa kwenye mdomo wa hudi iwe nusu mita kwa sekunde. Mkaguzi asiye na kipimo aweke udi unaofuka mbele ya mdomo huo: moshi usipovutwa wote ndani, hudi hiyo haifai. Pipa lifunguliwe na kusafishwa kila wiki na mtu aliyevaa barakoa yenye kichujio cha mvuke wa zebaki. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali hazizuii mvuke hata kidogo.

Serikali ndiyo inayosimamia masoko haya. Haihitaji kumfukuza mtu porini ili kuweka hudi kwenye soko la Geita, Kahama au Chunya. Na mkitaka kumvuta mchenjuaji mwenyewe, mnayo bei. Kwa kawaida mrabaha wa dhahabu ni asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Sehemu ndogo ya fedha hiyo ikirudishwa kwa anayeleta dhahabu kutoka kwenye mwalo wenye sehemu ya kuchomea iliyokaguliwa, ritoti zitatoka stoo zenyewe.

Kuhusu marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, tutasema kwa ufupi, ingawa yanastahili barua yake. Zebaki hukamata mara nyingi chini ya nusu ya dhahabu iliyomo kwenye mawe, ndiyo maana mwenye karasha huyapenda marudio na kuyapeleka kwenye matangi ya sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu. Marudio yenye zebaki yakikutana na sayanaidi, zebaki huyeyuka na kusafiri na maji mbali zaidi kuliko ingesafiri peke yake, na nyingine hushikwa na kaboni inayotumika kunasa dhahabu, kisha hutoka wakati wa kuyeyusha. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ambao Tanzania iliuridhia 2020, unazitaja katika Kiambatisho C kazi nne za kukomeshwa: kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge wazi, kuchoma katika makazi ya watu, na kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuitoa kwanza. Hiyo ya nne inaweza kukaguliwa bila shida, kwa kuwa matangi hayahamishiki na kila mtambo unahitaji kibali. Maji ya beseni ya kuchanganyia yasiingie kamwe kwenye lundo la marudio. Yawe na shimo lake lililosakafiwa.

Kuna wanaotaka zebaki ipigwe marufuku kesho asubuhi. Tunawaelewa, lakini hatukubaliani nao. Ni kemikali inayobebwa kwenye chupa ya maji: lita moja ina kilo 13.6, na mpaka wetu ni mrefu. Marufuku bila njia mbadala huipandishia bei na kuificha. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003 inampa Mkemia Mkuu uwezo wa kusajili wauzaji. Itumike hadi kwa muuza duka anayepima kwa gramu machimboni, naye aandike amemuuzia nani na kiasi gani. Mbadala upo pia. Makinikia yakisafishwa vizuri kwenye karai, yanaweza kuyeyushwa moja kwa moja na boraksi bila zebaki, kama wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wanavyofanya. Njia hiyo hushindwa makinikia yakiwa mengi au yenye salfaidi (madini yenye salfa) nyingi, na anayeiuza kama dawa ya kila mwamba anawadanganya watu. Kwa miamba hiyo vinafaa vituo vya mfano vya STAMICO (Shirika la Madini la Taifa) vya Lwamgasa, Katente na Itumbi, vinavyochenjua kwa sayanaidi bila zebaki, mradi mchimbaji mwenye viroba kumi naye apate zamu.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, mgonjwa wa zebaki huja zahanati akilalamika kwamba halali, anasahau, ana hasira asizokuwa nazo zamani, mikono inatetemeka, fizi zinavuja damu, mdomoni ana ladha ya chuma. Hutibiwa malaria. Nyumbani huambiwa amerogwa au pombe imemzidi. Aliyevuta mvuke mwingi kwa mara moja huja na kikohozi, homa na kifua kinachobana ndani ya saa chache, na anaweza kufa ndani ya siku kadhaa huku akiandikiwa nimonia. Tabibu wa wilaya yenye machimbo anatakiwa kuuliza swali moja la ziada: unachoma dhahabu, au unalala mahali inapochomwa? Kisha amwambie mgonjwa aguse pua kwa kidole akiwa amefumba macho, aandike jina lake, na apange njiti za kiberiti ndani ya kisanduku huku akihesabiwa muda. Hayo hayahitaji umeme wala maabara.

Penye shaka, upimwe mkojo, kwa kuwa ndio unaoonyesha mvuke uliovutwa kwa muda mrefu, na majibu yasomwe pamoja na kreatinini, kemikali ya mkojo inayoonyesha umezimuliwa na maji kiasi gani. Mkojo wa asubuhi ndio mzuri. Uchukuliwe mbali na machimbo, mtu akiwa ameoga na kubadili nguo, maana chembe moja kutoka kwenye shati huharibu jibu lote. Kwa vikomo vya Ujerumani, vilivyotumika pia Rwamagasa, chini ya mikrogramu 7 kwa lita hakuna la kuhofia, na zaidi ya 25 mtu anahitaji kuondolewa kwenye chanzo na kufuatiliwa. Kumwondoa ndiyo tiba ya kwanza. Kiasi kilichomo mwilini hupungua kwa nusu katika takriban miezi miwili, ingawa mtetemo na usahaulifu wa muda mrefu huenda visiishe. Dawa za kuvuta zebaki mwilini zipo, lakini kumpa mtu kisha kumrudisha kwenye karai lilelile ni kupoteza dawa.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasikae kwenye sehemu ya kuchomea hata kama wamevaa barakoa. Kliniki ya mama na mtoto ndiyo njia ya haraka ya kuwafikia. Swali lile moja liwe kwenye hudhurio la kwanza la kila mjamzito katika wilaya za machimbo.

Mpango Kazi wa Taifa wa kupunguza zebaki uliandikiwa miaka ya 2020 hadi 2025. Katika mpango unaofuata tunaomba yaandikwe mambo yanayoweza kuhesabiwa: ni masoko mangapi yana hudi inayovuta, ni mialo mingapi ina sehemu ya kuchomea, ni wachomaji wangapi wamepimwa mkojo na wangapi wamezidi 25. Kila mkoa wa kimadini upewe angalau kipima mvuke kimoja cha mkononi na mtu anayejua kukitumia. Kazi yake ya kwanza iwe kuingia kwenye vyumba vya kuyeyushia vya masoko yenu siku ya biashara, saa ambayo wanunuzi ni wengi, na kubandika kilichosomwa mlangoni ili wafanyakazi wa humo wakione.

Tunaomba kuwasilisha.